Kiongozi Hulala Kwanza

Lori la maharage lilipopanda kilima cha mwisho na mabati ya Gitega yakaanza kung'aa kwa mbali, wasichana sita wa Mwakiro walikuwa wameimba mpaka makoo yamekauka. Dereva alikwisha kuwaomba mara mbili wapumzike, na hakuwa akiyahurumia makoo yao bali masikio yake. Aliyekuwa akianzisha kila wimbo ni Jeska binti Venansi, miaka kumi na mitano, mwembamba kama ufito, shingoni skafu ya buluu aliyoipiga pasi ya mkaa siku tatu mfululizo. Yeye ndiye kiongozi wa kikosi cha skauti wa kike cha Mwakiro. Wale watano walimfuata katika nyimbo, katika kazi na, siku nyingine, katika ugomvi.

Kambi ya siku tano. Vikosi vinane kutoka mikoa ya Muyinga na Gitega. Mahema, moto, mashindano. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala nje ya kilima chao, na Happy, rafiki mkubwa wa Jeska, alikuwa ameanza kufunga mzigo wake wiki mbili kabla, akaufungua na kuufunga tena kila jioni, kana kwamba ulikuwa na mambo mengi. Ulikuwa na gauni moja na sabuni.

Furaha ya Jeska, lakini, ilikuwa na mwiba ndani. Baba yake alikuwa amempa ruhusa kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mkono wa pili.

Venansi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi akiwa mtu mzima, akalima muhogo na maharage kama jirani zake wote. Lakini kilima kizima kilimheshimu kwa jambo jingine. Mtu akizidiwa na ugonjwa huko, hubebwa kwa ingobyi, kile kitanda cha kusukwa chenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne hukiweka mabegani na kwenda nacho mpaka kwenye kituo cha afya. Venansi ndiye mkuu wa wabebaji. Hutembea pembeni akiita "Buhoro!", yaani polepole, nao humwitikia. Ingobyi yenyewe ilining'inia chini ya paa la nyumba yake, na mwanamke hakuigusa. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ndivyo ilivyo, na maongezi yataishia hapo.

"Utakwenda Gitega kwa sababu mchungaji ameniomba, na mimi sijui kumkatalia mchungaji," alimwambia binti yake. "Ukirudi, Jumatano skafu unairudisha. Msichana anayeamrisha wenzake ataamrisha mpaka nani? Penye jogoo, tembe haliwiki."

Jeska alijua maana yake. Wazazi wa wale watano waliwaachia binti zao kwa neno moja tu, kwamba wako na Jeska. Skafu yake ikirudishwa, zile tano zingefuata kabla ya mwezi kuisha, na kikosi kingekufa. Akasema ndiyo baba, akaenda kupiga pasi.

Kambi ilikuwa Makebuko, kwenye mteremko wenye mikaratusi mirefu, na chini yake kijito. Mkuu wa mafunzo alikuwa shefu Ghislaine, mama wa Kikongo kutoka Kivu ya Kusini, mwenye kuuza vitenge sokoni Gitega na kuishi mtaa wa Musinzira. Alikuwa mnene wa kujivunia unene wake, na sauti yake ilifika ng'ambo ya kijito bila kuombwa. Siku ya kwanza aliwafundisha kutengeneza machela kwa miti miwili ya mkaratusi na mablanketi mawili. Jeska alifunga fundo la mwisho kabla ya vikosi vyote, akasimama wima, akawaagiza wenzake wanne washike. Alikuwa amejiandaa kusifiwa.

Shefu Ghislaine alimwangalia, akacheka.

"Ngoja kwanza. Kiongozi njo analala wa kwanza," alisema kwa Kiswahili cha Kivu. "We lala pale. Ukisha kulala, utajua vile mgonjwa iko anasikia. Kisha njo utaamrisha watu."

Jeska akalala. Wakamnyanyua, wakaanza kuteremka, na ndani ya hatua kumi akili yake ilikwisha kubadilika. Kulala chali hewani si mchezo. Huoni njia, unaona matawi yakikimbia na pua za wenzako kwa chini. Kila mguu unaoteleza ni wewe unayeanguka. Lililomtisha zaidi ni kwamba hakuna aliyemwambia neno. Walikuwa wakiongea wao kwa wao, kushoto, kulia, jiwe hilo, naye katikati kama gunia. Aliposhuka aliweka sheria yake ya kwanza papo hapo: mmoja wao hatabeba, atakwenda kando ya uso wa mgonjwa na kumwambia kila kitu kinachokuja. Kazi hiyo akapewa Spesi, mdogo wao, mwenye mdomo usiojua Jumapili.

Sheria nyingine zilikuwa za shefu. Mkiteremka, mgonjwa atangulize miguu. Mkipanda, atangulize kichwa. Kichwa chake kiwe juu siku zote, damu isimjae usoni. Kwa hiyo mkifika bondeni, kabla ya kuanza kupanda, machela igeuzwe, na igeuzwe hewani bila kuwekwa chini kwenye maji, wabebaji wote wanne wakizunguka kwa hatua moja. Kiongozi huita, "Geuza."

Mashindano yalikuwa siku ya tatu. Vikosi vilipiga kura ya wagonjwa, na Mwakiro, kwa bahati yao, wakampata shefu Ghislaine mwenyewe. Vikosi vingine vilipiga vigelegele vya furaha. Jeska hakujali. Filimbi ilipolia waliteremka mlima ule kwa namna ambayo mpaka leo Happy anaisimulia akiwa amesimama, maana akikaa haitoki vizuri. Walipita kikosi cha kwanza kwenye kisiki, cha pili kwenye kichuguu, na walipofika kijitoni walikuwa mbele hatua ishirini. Watu wa Makebuko waliokuja kutazama walikuwa wakipiga makofi.

Hapo Happy, aliyeshika mti wa mbele kulia, akapunguza mwendo kidogo ili abadilishe mkono. Jeska hakuvumilia. Alitoka kwenye nafasi yake ya kando, akamsukuma Happy, akaushika ule mti yeye mwenyewe. Basi ikawa hakuna wa kutazama njia, wala wa kuita. Wawili wakazungukia kulia, wawili kushoto, machela ikajikunja, na shefu Ghislaine, pamoja na kitenge chake kipya, akaingia matopeni kwa kishindo kilichowanyamazisha ndege.

Walikuwa wa mwisho. Jeska alilia bila kujificha, machozi ya hasira, na alitamani ardhi impokee. Shefu Ghislaine alikuwa bado amekaa kwenye tope akicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka alimwita Jeska, akamkalisha kando yake, palepale topeni.

"We ulishika muti," alimwambia. "Happy alikuwa na mikono yake miwili, hakukuomba ya tatu. Sasa, vile ulishika muti, nani alibaki anaangalia njia?"

Siku mbili zilizobaki, wengine wakicheza mpira, wasichana wa Mwakiro waliteremka na kupanda mlima ule wakiwa wamebeba beseni la maji badala ya mgonjwa, na Jeska akitembea kando, mikono nyuma, ameifunga vidole kwa vidole ili isimponyoke. Walipoondoka Gitega, beseni lilikuwa likigeuzwa kijitoni na kufika juu limejaa. Hawakupata zawadi yoyote, lakini waliimba njia nzima, na dereva safari hii aliwaacha.

Walirudi Jumapili. Jumatatu Venansi hakusema kitu kuhusu skafu, wala hakuhitaji. Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa nne, na wanaume wote wa kilima wakavaa makoti yao wakaenda ng'ambo ya bonde kwenye sherehe ya mahari, ambako pombe ya ndizi ilikuwa imeiva tangu jana yake. Venansi alitangulia. Manase, jirani yao wa mlango wa pili, aliondoka akisitasita, maana mkewe Kasilda alikuwa na mimba ya kutimia, lakini Kasilda mwenyewe alimfukuza, akisema bado wiki nzima.

Haikuwa wiki. Saa saba mchana Dorotea, mama yake Jeska, alitoka nyumbani kwa Manase akikimbia, jambo ambalo Jeska hakuwahi kuliona maishani mwake. Uchungu ulikuwa umemshika Kasilda tangu asubuhi akauficha, na sasa mtoto alikuwa hasogei na damu imeanza. Mkunga wa kilima alikuwa amesema neno moja tu, kituo cha afya, na haraka. Kituo kilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kile kile cha sherehe. Pikipiki za kijiji zilikuwa zimeegeshwa wiki mbili bila petroli. Simu ya Venansi iliita chumbani mwake, alikoiacha.

Wanawake walikuwa wamekusanyika uani, wengine wameshika vichwa. Mmoja akasema atumwe kijana mbio akawaite wanaume. Kuteremka, kupanda, kuwatafuta kwenye pombe, warudi, wabebe: Jeska alihesabu kichwani na hesabu ikakataa. Alitazama ingobyi chini ya paa lao. Mama yake alimwona anavyotazama.

"Hiyo haiguswi na mwanamke, unajua," Dorotea alisema. Kisha akavuta pumzi. "Lakini majogoo wote wako kwenye mahari. Fanya unachokijua, mwanangu."

Jeska hakuigusa ingobyi, na si kwa woga. Wenzake hawakuwahi kuibeba, na siku ya kujifunza haikuwa ile. Wao walijua ya kwao. Alipuliza filimbi yake mara tatu, na kabla vumbi halijatua, kama vumbi lingekuwako katika tope lile, Happy alikuwa amefika, na Spesi, na wale watatu, skafu zikiwa zimefungwa upande. Miti miwili ya mkaratusi, mablanketi mawili ya Dorotea. Mafundo yalifungwa bila neno. Walimlaza Kasilda kwa ubavu wa kushoto, wakamfunika kanga.

"Mama Kasilda, mimi nitakuwa hapa hapa kwenye uso wako," Spesi alimwambia. "Sasa tunakunyanyua. Usiogope, tumeshambeba mtu mzito kuliko wewe mara mbili."

Hakusema mtu huyo aliishia wapi.

Wakateremka, miguu ya Kasilda ikitangulia, kichwa chake juu. Njia ilikuwa imelainika kama sabuni. Jeska alitembea kando, jicho moja kwa mgonjwa na la pili njiani, akiita, na neno lililomtoka kinywani lilikuwa lile alilolisikia tangu utotoni: "Buhoro!" Wanne wakaitikia. Wanawake walikuja nyuma, na mikono ya wasichana ilipoanza kuchoka Jeska alitazama mabega, akachagua wawili wawili wa kimo kimoja, akawaita kwa majina, akina mama watu wazima, wabadilishane na wenzake kwenye tambarare. Walitazamana mara moja. Kisha mama yake Happy akakunja kanga na kushika mti, na wengine wakamfuata. Dorotea alishika wa nyuma.

Karibu na bondeni wasichana wakachukua tena. Hapo Happy akateleza. Goti lake liligusa tope, mti ukashuka kiganja kizima, Kasilda akaguna. Mkono wa Jeska uliruka wenyewe kuushika ule mti. Ulifika nusu ya njia. Akaurudisha.

"Happy, simama kwa mguu wa kulia. Una nafasi. Wengine tulieni," alisema, na sauti yake ilimshangaza kwa upole. Happy akasimama. Mti ukapanda mahali pake.

Ndipo kilio kilipoanza ng'ambo.

Hawakuelewa. Juu kule, kwenye uwanja wa mahari, watu walikuwa wamesimama wakitazama bondeni, wanaume wamevua kofia, na wanawake wa upande ule wakipiga yowe la msiba. Kumbe kuna jambo ambalo kila mwanaume wa vilima vile analijua na hakuna aliyewahi kumwambia msichana, kwa kuwa mambo ya miti si yake: mgonjwa hubebwa kichwa mbele, mlimani na bondeni, mpaka afike. Anayetangulizwa miguu ni maiti. Wale waliokuwa juu waliona machela, wakaona miguu, wakaitambua kanga. Manase alikuwa ameanguka kifudifudi.

"Wanamlilia nani?" Kasilda aliuliza chini ya kanga.

Spesi alitazama juu, akatazama chini, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema. Jeska naye hakujua kosa ni nini, ila alijua macho yote ya kilima yako juu yake, na kwamba baba yake ni mmoja wa waliovua kofia. Angeweza kusimama. Angeweza kuweka machela chini na kungoja wakubwa waje. Lakini walikuwa wameingia kwenye kijito, maji yakifika kwenye mashavu ya miguu, na mbele yao kulikuwa na mlima.

"Geuza," akaita.

Wanne wakazunguka kwa hatua moja, polepole, kama siku ile ya beseni. Maji hayakurukia blanketi. Na watu wa juu waliona jambo ambalo vilima vile havijaliona: maiti inageuka katikati ya kijito, inatanguliza kichwa na kuanza kupanda kuelekea kwao kama mtu mwenye safari zake. Kilio kikakatika. Kisha mkono wa Kasilda ukatoka chini ya kanga, ukapunga.

Yowe lililofuata halikuwa la msiba. Wanaume waliteremka mlima ule mbio, makoti yakipepea, wengine wakiteleza kwa makalio. Manase alifika wa kwanza akiwa amejaa tope mpaka kwenye nyusi, akilia na kucheka pamoja.

"Manase, bado niko," mkewe alimwambia kwa shida. "Futa uso."

Wanaume wanane walikuwa wamenyoosha mikono kunyakua miti. Jeska akasimama mbele yao.

"Hakuna kubadilisha hapa kwenye mteremko," alisema. "Mtamwangusha. Pale juu penye tambarare, ndiyo. Wanne tu, wa kimo kimoja."

Wote wakamgeukia Venansi. Alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, anahema, mkuu wa wabebaji tangu kabla Jeska hajazaliwa. Alimtazama binti yake, akatazama skafu iliyolowa tope, akatazama kichwa cha Kasilda kilivyokaa juu na pumzi yake ilivyotulia. Walipanda, wasichana wakiwa bado na miti, mpaka kwenye tambarare.

"Mimi nishike wapi?" Venansi akauliza.

"Nyuma kushoto, baba. Wewe ni mrefu."

Akaweka kofia kichwani, akaenda nyuma kushoto, akashika.

Muuguzi wa kituo aliwapokea mlangoni, na mlango ukafungwa. Walikaa nje kwenye ukingo wa baraza, wanaume na wasichana, matope sawasawa. Karibu saa kumi na moja alitoka muuguzi, akasema mama ni mzima, mtoto ni wa kike na ana sauti ya kuuza sokoni, na kwamba wangechelewa nusu saa asingekuwa na habari hizo za kutoa. Manase alianguka tena. Happy na Jeska walikumbatiana wakaruka ruka pale pale mpaka muuguzi akawakaripia, kisha wakaenda kurukia nje ya uzio.

Kurudi, Venansi aliibeba machela tupu begani mwake. Wengine walikuwa wametangulia na nyimbo zao. Jeska alitembea nyuma yake akingoja neno la Jumatano, maana kesho ilikuwa Jumatano. Walipofika kijitoni baba yake alisimama.

"Miaka yote hii," alisema, "tunawateremsha watu kichwa chini. Mama yangu mwenyewe nilimteremsha hivyo. Alikuwa akilalamika kichwa, nami nikimwambia avumilie." Akamgeukia binti yake. "Kesho nitaishusha ingobyi. Uje na wenzako. Na hiyo skafu uifue, imechafuka. Sasa niambie, hii ya kugeuza bila kuweka chini, mtu anaanzia wapi?"

Jeska alipuliza filimbi kuwaita wenzake warudi. Aliichukua machela begani mwa baba yake, akaitandaza kwenye majani ya ukingoni.

"Kiongozi analala kwanza, baba."

Venansi alitazama njia upande wa juu, akatazama upande wa chini, aone kama kuna mtu anayekuja. Kisha akavua kofia, akampa binti yake, akalala.